Ndugu wa Mashine ya Papa Sture

Annika, mkuu wa karakana, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuwaachia ninyi mnaorithi meza yangu. Nilimwambia ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza namna ya kufungua televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, bila kupigwa na umeme. Akacheka, akasema basi andika upendavyo. Nadhani alijuta, lakini neno likishatoka halirudi.

Habari za vyeo nitaziruka. Kila cheo kilinijia na funguo zaidi, na hakuna hata kimoja kilichokuja na kiti kizuri zaidi. Nitaeleza habari za mashine moja ya michezo ambayo madukani iliishi muda mfupi kuliko mafua, kwa sababu namna rafu zetu zilivyopangwa leo ilianzia kwake.

Nimezaliwa Bukavu, kwa baba fundi redio. Vita vilipotutoa kule, mimi na mdogo wangu Bahati, anayeniita Yaya, yaani dada mkubwa, tukaishia Stockholm. Mimi nilipata chumba Hagsätra, mwisho kabisa wa reli ya kijani, na bado niko hapo hapo. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili ofisi ya kazi ikanipeleka kwenye karakana hii ya makumbusho ya vitu vya nyumbani, nijaribiwe. Kiswidi changu wakati huo kilitosha kununua mkate, tena mkate wenyewe niuonyeshe kwa kidole.

Fundi mkuu alikuwa Sture, mzee mrefu mwembamba mwenye sweta lililotoboka viwiko. Siku ya kwanza hakuniuliza neno. Aliniwekea redio iliyokufa mezani, akakunja mikono. Niliifungua, nikainama, nikainusa. Kapasita iliyoungua ina harufu yake, na pua haihitaji mkalimani. Nikaigusa kwa ncha ya bisibisi: hii hapa. Sture akavuta kiti chake karibu na changu, na kikabaki hapo kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja.

Nilipomwita Bwana Sture aligeuka nyuma kuona nani kaingia. Waswidi huitana majina matupu, hata wakubwa wao. Lakini mdomo wangu haukukubali kumwita mtu wa rika la baba yangu kama ninayemwita mtoto aje kula, kwa hiyo nikamwita Papa Sture. Mwanzoni aliuliza kama anaonekana mzee sana. Baadaye, nikisahau hilo Papa, alikuwa haitiki.

Alichonifundisha kiko mikononi mwangu mpaka leo. Ukifungua televisheni ya chogo, mkono mmoja uwe mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Skrubu zipange juu ya karatasi kwa jinsi zilivyotoka, maana kila skrubu ina tundu lake, hata kama zinafanana. Meno ya shaba yanayopitisha umeme yakichafuka, yasugue kwa kifutio cha penseli, kisha kitambaa chenye spiriti. Msipulize kwa mdomo. Najua nyote mnapuliza. Mate ni maji, na maji na shaba hawajawahi kuwa marafiki. Na kahawa ya saa tatu haikatizwi hata jengo likiwaka moto, ila moto wenyewe ukifika mezani.

Ni kwenye kahawa hiyo aliponisimulia habari za mashine yake. Zamani, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alifanya kazi kwenye kampuni ndogo iliyoleta Sweden mashine ya michezo ya kuchomeka kwenye televisheni. Lilikuwa sanduku la kahawia lenye vishikio viwili vya mkononi, kila kimoja na vitufe vya namba kama simu. Michezo yake iliuzwa ndani ya katriji, yaani kikasha cha plastiki unachokisukuma kwenye mdomo wa mashine. Kabla watu hawajajifunza hata kulitamka jina lake, zikaja mashine nyingine zenye rangi nzuri zaidi, na kampuni ikafunga milango.

Sture alikuwa ametunga mchezo mmoja. Mtu yuko juu ya paa na koleo, anasukuma theluji ianguke chini bila kumwangukia mpita njia. Akimaliza paa moja anapanda lingine, gumu zaidi. Ndiyo kwanza alikuwa ameukamilisha wakati kampuni inafunga, na mchezo haukufika dukani. Ilibaki katriji moja ya majaribio. Aliihifadhi ndani ya soksi ya sufu kwenye droo.

"Kwenye paa la mwisho," aliniambia, "nimemwekea Gunvor kitu."

Gunvor ni mke wake.

"Kitu gani?"

"Akifika ataona."

"Na bado hajafika?"

"Mashine yangu ilikufa kabla hajagusa kitufe."

Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimwambia mkewe kwamba kuna kitu kinamngoja juu ya paa. Na Gunvor alikuwa akimjibu kwamba kuna ngazi za mlangoni nazo zinamngoja mtu mwenye koleo.

Niliona ni utani wa wazee wawili wanaopendana, nikaendelea na kazi zangu. Kisha majira ya baridi moja nikamwona Papa Sture anaweka risasi ya kulehemu pembeni ya mahali panapotakiwa. Akaweka tena, pembeni tena. Mkono ulikuwa thabiti, macho ndiyo yaliyokosea. Nilimsogezea taa, akaendelea hadi kahawa ilipofika.

"Katikati ya macho yangu panakufa," alisema. "Daktari anasema pembeni patabaki. Nitatembea, nitakula, sitagonga milango. Lakini nikimtazama mtu usoni, uso ndio unaopotea." Akakoroga kahawa isiyo na sukari. "Nataka kumwona Gunvor akifika kwenye paa lile. Nikingoja sana, nitakuwa nimesimama mbele yake na sioni kitu."

Nilishikwa na hasira, kama vile kuna mtu wa kwenda kumgombeza. Nikamwambia: "Tutaifufua." Neno hilo lilinitoka kirahisi sana.

Wakati huo Annika alikuwa akiandaa maonyesho ya michezo ya nyumbani. Akatupa muda hadi majira ya kuchipua. Mashine ikiwaka, wageni watacheza mchezo wa Sture kwa mikono yao. Isipowaka, katriji italala ndani ya kioo na kikaratasi cha maelezo. Tulimwuliza kijana wa kompyuta kama angeweza kuuhamishia mchezo kwenye mitambo yake. Alisema anaweza, ila apewe muda, na muda ndio ambao macho ya Papa Sture hayakuwa nao.

Tulifungua sanduku la kahawia. Chipu inayochora picha ilikuwa imekufa, na chipu hiyo hakuna tena anayeitengeneza. Tukaenda bohari yetu ya Akalla, mwisho wa reli ya buluu, tukatafuta mashine yenye jina lile lile. Tuliikuta moja, safi kabisa kwa nje. Ndani ilikuwa tupu kama kibuyu, kuna mtu aliwahi kuikwangua vipuri vyote. Tukawaandikia wakusanyaji wa vitu vya kale huku na huko Ulaya, tukiwatajia jina hilo. Walijibu kwa adabu sana kwamba hawana.

Jumapili moja, baada ya ibada, nilikwenda kula kwa Bahati, Fisksätra. Nilimkuta anazunguka meza na barua mkononi. Kuna ofisi ilikuwa imekataa kutuandika kuwa ndugu. Kwenye vyeti mimi ni Nabintu, yeye ni Mugisho, na wengine waliobaki nyumbani kila mmoja ana lake. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto anapewa jina lake mwenyewe, na nyumba moja inaweza kuwa na majina mengi kuliko vyumba. Waswidi hugawana jina moja familia nzima, kama mwavuli.

"Yaya, banasema eti sisi si ndugu!" Bahati alipaza sauti. "Eti majina haifanane!"

"Na weye ulibaambia nini?"

"Nilibaambia baba moya, mama moya! Jina njo inazalaka mutu? Batuangalie sura, basi! Bapime damu!"

Neema, binti yake, akamwambia kwa Kiswidi atulie, sombe, yaani kisamvu, inapoa.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikaacha kucheka, kijiko kikiwa hewani. Papa Sture mwenyewe aliwahi kuniambia kwamba kiwanda cha kule Asia kilimuuzia mashine ile yeyote aliyeitaka, na kila mnunuzi aliibandika jina lake na kuivalisha sanduku lake. Nasi tulikuwa tumeitafuta kwa jina! Mimi, mtoto wa nyumba ile, nilikuwa nimetafuta ndugu kama karani wa ile ofisi.

"Yaya, uko mugonjwa?" Bahati aliuliza.

"Hapana," nilimwambia. "Niko mujinga. Lakini inaanza kupona."

Asubuhi yake nilikuwa Akalla na Annika, mbele ya rafu ndefu. Mashine zote zilipangwa kwa majina na kwa nchi, zimenyooka kama wanafunzi mstarini.

"Unataka kuzifungua zote?" aliuliza.

"Zile zenye vitufe vya namba tu. Tusizisome majina. Tuzitazame damu."

Nilimweleza habari za Bahati na barua yake. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri. Mnaijua sheria ya nyumba hii: usifanye kitu usichoweza kukirudisha kilivyokuwa. "Kufungua kunarudishika," alisema hatimaye, akavua koti, akachukua bisibisi ya pili.

Tulianza na ile iliyofanana zaidi na ya Papa Sture: kahawia ile ile, hata pambo la mbao bandia lile lile. Ndani alikuwa mgeni kabisa. "Hawa ni majirani tu," nikasema. Tukafungua nyingine, na nyingine. Majirani. Kahawa tuliinywa tumesimama, jambo ambalo Annika aliniomba nisilitangaze.

Mwisho tukashusha moja nyeupe, yenye sura mbaya, vitufe vyekundu na jina ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia. Kuna familia iliinunua likizoni Italia na baadaye ikaitoa zawadi. Nikainua kifuniko. Bao la vipuri lilikuwa lile lile, chipu ile ile. Hata donge la risasi iliyomwagika karibu na swichi lilikuwa pale pale, kana kwamba fundi yule yule alipiga chafya mara mbili. Annika akasoma namba za chipu kwa sauti, akazirudia, kisha akaruka kwa furaha na kugonga kichwa kwenye rafu.

Sasa sikilizeni taabu iliyobaki. Damu ilikuwa moja, lakini mdomo haukuwa mmoja. Kila mwenye kubandika jina lake alitaka watu wanunue katriji zake tu, basi akabadilisha umbo la tundu. Katriji ya Papa Sture ilikataa kuingia.

Mimi nilitaka kuing'oa chipu na kuihamishia kwenye sanduku la kahawia. Annika akasema hapana. Mashine nyeupe ni mali ya makumbusho, na chipu kuukuu ukiing'oa huwezi kuahidi kuirudisha. Nilinuna, nikabamiza droo. Alikuwa na haki. Miaka iliyofuata nimeona miguu ya chipu za namna ile ikikatika kwa kuguswa tu, na kila mara namshukuru kimoyomoyo, kimoyomoyo tu, asije akavimba kichwa.

Tulijenga daraja. Mdomo wa mashine iliyokufa, ambayo ilikuwa mali ya Papa Sture akitaka hata aivunje iwe kuni, tuliukata. Upande mmoja wa daraja ukaingia kwenye mashine nyeupe, upande mwingine ukaipokea katriji, na katikati zikapita nyaya nyembamba. Papa Sture hakuziona nyaya. Lakini mpangilio wa meno alikuwa nao kichwani tangu ujana wake. Alikaa kando yangu, akigusa jino moja moja kwa ukucha: hili umeme, hili ardhi, hili linauliza, hili linajibu. Naye akitaja, mimi nalehemu.

Tulipowasha mara ya kwanza, televisheni ikatupa michirizi. Nikakagua, nikagundua kwamba mdomo wa ile nyeupe umefungwa kichwa chini, miguu juu. Nilikuwa nimelehemu kila kitu kinyume.

"Umemvalisha suruali kichwani," alisema Papa Sture, akacheka hadi akakohoa. Tukaanza upya.

Tulipowasha tena, paa likatokea. Juu yake mtu wa miraba michache, koleo mkononi, na theluji ikaanguka. Nilipiga vigelegele, vile vya harusini, kwa pumzi yangu yote. Wenzetu wa idara ya samani walikuja mbio wakidhani nimenaswa na umeme. Papa Sture alikuwa ameelekeza uso ukutani, mbali na televisheni. Hapo ndipo nilipoelewa macho yake yanavyofanya kazi: ili akione kitu, ilibidi akitazame kando. "Anatembea," aliuambia ukuta. "Bado anatembea." Alitaka tusicheze zaidi ya paa la kwanza. Mengine ni ya Gunvor.

Siku ya kufungua maonyesho Gunvor alikuja na koti jekundu na uso wa mtu aliyeletwa kuonyeshwa buibui. Maisha yake yote hakuwahi kushika kitu cha kuchezea televisheni. Theluji ya kwanza aliimwaga moja kwa moja juu ya mpita njia.

"Huyu naye alipita vibaya," alisema.

Akaanza upya. Watu wakajipanga nyuma yake. Watoto wakanung'unika, na Annika akawaeleza kwa upole kwamba bado tunajaribu mitambo. Kidogo kidogo Gunvor akashika mkono. Mama yule alikuwa amesafisha ngazi zake majira yote ya baridi ya ndoa yake, na theluji anaijua: hupigani nayo, unaisukuma kidogo kidogo. Paa moja, lingine. Minong'ono ikakoma.

Ghafla picha ikatikisika. Niliruka nyuma ya meza, nikapiga magoti, nikalibana daraja kwa kidole gumba. Picha ikatulia. Nilipolegeza, ikatikisika tena. Basi nikabaki pale pale, magoti sakafuni, nikiomba kwa Kimashi, lugha ya kwetu, kidole kisichoke. Televisheni ilinipa mgongo. Mimi niliyeifufua mashine ile sikuweza kuona hata punje ya theluji.

Nilichoona ni watu wawili. Gunvor ameinama mbele, ulimi umebana pembeni ya mdomo. Na kando yake Papa Sture, ambaye aligeuka taratibu, akampa mkewe kisogo kidogo, akaniangalia mimi. Nilidhani anataka kuniambia neno. Kisha nikaelewa. Ananitazama mimi ili amwone yeye.

Theluji ya mwisho ilianguka, na mlio mdogo ukasikika ambao hatukuwahi kuusikia. Gunvor akaweka kishikio mezani. Kisha akasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha mlango asiouamini:

"Gunvor."

Akaweka mkono mdomoni. "Kumbe jina langu unajua kuliandika," alisema baadaye, na sauti ilikuwa imelowa. "Nilidhani unajua kuliita tu, kahawa ikichelewa."

Papa Sture aliendelea kunitazama mimi, machozi yakimshuka, akitabasamu.

"Nimemwona," aliniambia.

Basi watu wakapiga makofi, hata wale watoto wa foleni. Mimi nililia nikiwa nimebana kidole.

Baada ya hapo Annika alizipanga upya rafu zote za Akalla kwa damu, majina yakafuata nyuma. Kila mwaka tuliokota ndugu mwingine, hadi mwaka wa mwisho wa kazi yangu, na kwenye kibao cha maelezo nilishikilia majina yao yote yaandikwe, hata yale mabaya. Bahati naye alipimwa damu pamoja nami, na ile ofisi ikakuta kile kile alichokuwa amewaambia bila malipo. Alikuja kuiona mashine, akasoma kibao chote, akapiga paja.

"Yaya! Ata mashini iko na majina mingi sawa sisi!"

Sasa meza ni yenu. Daraja liko droo ya kushoto, ndani ya soksi ya sufu. Picha ikitikisika, libaneni kwa kidole gumba, na msilalamike magoti. Msipulize katriji. Na mara moja moja mgeni mvumilivu atafika paa la mwisho, atageuka, atawauliza Gunvor ni nani. Mjibuni vizuri. Mwambieni ni mke wa aliyeutunga mchezo, na kwamba tangu siku ile ngazi za mlangoni kwao zinasafishwa na Papa Sture mwenyewe, koleo mkononi, uso umeelekea kwa jirani.